Mungu kwa Herufi Ndogo

Somoe binti Shekuwe alileta madaftari manne
yamefungwa kwa upindo wa leso,
akauliza bei ya kuchapa ukurasa.
Nikasema thelathini. Akasema ishirini,
maana mwandiko wangu husomeka.

Husomeka kweli. Nilianza saa nane mchana
hapa dukani Langoni, kati ya mashine ya fotokopi
na mtu anayetaka picha ya pasipoti,
nikafika daftari la pili bila kunywa chai.

Nchi aliyoitunga inaitwa Shumbani.
Jua lake ni la shaba, limepigiliwa misumari.
Aliyeijenga ni fundi asiye na macho,
jina lake Ndimi,
kwa kuwa neno lake la kwanza lilikuwa hilo.
Hakujua kuwa juu yake kuna ghorofa.
Alisikia nyayo, akadhani ni moyo wake.
Huko juu mama yake aliteleza ngazini na taa mkononi,
cheche zikamwagika kwenye chokaa mbichi,
naye akakanda, akakandika, asijue.
Ndiyo maana watu wa Shumbani
wakikohoa usiku, chumba huangaza.

*Ndimi, uliyetujenga,*
*kwa chokaa na mchanga,*
*ndani umefunga anga*
*na mlango huujui.*

Hapo nikaacha kuchapa.
Nilisoma dini miaka mitatu, kabla karo kunishinda,
na fundi huyu namjua.
Kule Misri ya kale walimwandika hivi hivi:
mwana wa Hekima, kipofu, mwenye majivuno,
*hapana mwingine ila mimi*,
na mwanga ulionaswa nyamani kama mwiba.
Vitabu vyao vilitiwa mtungini, vikafukiwa,
vikakaa karne kumi na sita
vikisubiri jembe.

Jumamosi nikamuuliza: nani kakupa haya?
Akacheka. "Birika letu la bafuni lina samaki watatu,
wa kula viluwiluwi vya mbu.
Tangu utotoni naoga nao.
Wao wanajua mkono na kata.
Kisima hawakijui.
Mvua wataijulia wapi?"

Basi hiyo tu. Hakuna mtungi, hakuna Misri.

Lakini wale wa kale walisema bila *paukwa*.
Hilo ndilo kosa lao, au ndio ushujaa,
na waliokasirika wakaenda kutafuta kuni.
Somoe ameanza mstari wa kwanza: Paukwa!
Nasi tumeshajibu *pakawa*
kabla ya kujua tumeitikia nini.
Mama yake, hata hivyo, hufukiza ubani
kila akimwona na kalamu.

Kidole changu nacho kina adabu ya chuoni:
kila penye mungu kilikwenda herufi kubwa.
"Iandike ndogo," akasema,
"ile kubwa alijipa mwenyewe."

Daftari la nne nililingojea kwa hamu mbaya.
Nilitaka Ndimi auawe. Hadithi za namna hii humuua:
upanga, mlango kuvunjwa, jua kudondoka.
Badala yake msichana mmoja mwuza maandazi
anapanda hadi alipo, anamwambia sikioni:
zile nyayo si moyo wako.

Kisha kurasa mbili tupu.
"Nazo zihesabu," akasema, "nitalipa."

Usiku nilikwenda kuoga.
Chini ya birika letu kuna bakuli la kaure
limejengewa sakafuni kabla babu hajazaliwa;
maji yakipungua, samaki hujikusanya humo.
Sikuwahi kujiuliza nani aliliweka.
Fundi, bila shaka.
Fundi aliyejua kuwa maji yatakwisha,
na hakusema, wala hakuacha jina.

Nimerudi ukurasa wa sitini na mbili.
Kuna M moja kubwa ilinitoroka.
Sijaifuta bado.